Kutoka "Kimeanguka" Hadi "Ameanguka"

Binti yangu alikuwa na miaka minne siku aliponisahihisha Kiswahili. Tulikuwa mbele ya televisheni, yeye kakaa sakafuni, miguu kaikunja, mimi nimejinyoosha kwenye kochi. Tulikuwa tunaangalia kipindi cha watoto chenye watangazaji wawili: dada mmoja mwenye sauti ya utulivu, na kikaragosi wa manyoya ya kijani mwenye macho makubwa kama visosi. Siku hiyo walikuwa wanafundisha kuhesabu kwa mawili. Katikati ya hesabu kikaragosi akateleza, akaporomoka nyuma ya meza.

"Kimeanguka," nikasema, basi tu, ili niwe nimesema kitu.

Binti yangu akanigeukia. "Ameanguka, Baba." Kisha akarudisha macho kwenye skrini haraka, kuona kama ameumia.

Huu ni mwaka wa tatu naiwaza hiyo a-. Jina lenyewe, kikaragosi, liko kundi moja na kiti, kijiko na kitanda. Lakini lugha yetu ina huruma na viumbe: chenye uhai, hata jina lake likianza na ki, hupewa upatanisho wa watu. Kiboko anaogelea. Kifaranga amepotea. Kipofu amesikia. Kwa hiyo kila tunapomtaja kikaragosi tunalazimika kuamua, na hakuna njia ya katikati. Kikiwa kimekunjwa kwenye sanduku ni kitambaa na sponji, kimelala. Akipanda mkononi kwa mtu anayeijua kazi, amekasirika, amenuna, amesahau namba inayofuata baada ya sita.

Nilidhani kinachogeuza ki kuwa a ni ule mkono wa ndani. Nimebadili mawazo. Naamini sasa kwamba kazi kubwa zaidi hufanywa na yule binadamu aliyekaa pembeni, mtangazaji mwenza ambaye hakuna anayemsifia, kwa namna anavyomtazama kikaragosi na kumngoja amalize kusema.

Mfano wa kwanza ninaoupenda ni wa zamani sana. Mwaka 1947, huko Chicago, Burr Tillstrom alianza kipindi cha televisheni kilichokuja kujulikana kama Kukla, Fran and Ollie. Kukla na Ollie walikuwa vikaragosi, na Tillstrom ndiye aliyewachezesha, amejificha nyuma ya jukwaa dogo. Fran alikuwa binadamu, Fran Allison, anasimama mbele ya jukwaa hilo na kupiga nao soga. Hawakuwa na maneno yaliyoandikwa. Fran alikuwa anasikiliza kweli, kwa sababu hakujua Ollie angejibu nini. Halikuwa darasa la kusoma na kuhesabu, lakini vipindi vingi vya elimu vilivyofuata vimekopa kitu hapo: mtu mzima anayezungumza na kikaragosi kwa heshima ileile ambayo angempa mgeni wake.

Aprili 1954, kituo cha WQED cha Pittsburgh kilianza kurusha The Children's Corner. Mbele ya kamera alikuwepo Josie Carey. Nyuma ya pazia lililochorwa alikuwepo kijana Fred Rogers, haonekani. Usiku wa kuamkia kipindi cha kwanza, meneja wa kituo, Dorothy Daniel, alimpa Rogers zawadi ya kikaragosi mdogo wa chui milia. Kwenye pazia kulikuwa na picha ya saa. Rogers akapitisha mkono kwenye tundu la saa ile, chui milia akachungulia, akamsemesha Josie, na Josie akamjibu. Akapewa jina la yule meneja: Daniel. Zile raba ambazo Rogers alivaa miaka yote baadaye kwenye kipindi chake mwenyewe zilianzia hapo, maana alikuwa anakimbia huku na huko nyuma ya pazia kubadilisha vikaragosi, na viatu vya kawaida vilipiga kelele.

Fikiria hali ya Josie. Matangazo ni ya moja kwa moja, hakuna kurudia, na mwenzako ni kitambaa kinachochungulia kwenye tundu. Angeangalia kamera kidogo tu kwa jicho la "mnaona wenyewe watoto, tunaigiza", kila kitu kingekufa palepale. Hakuangalia. Alimwangalia Daniel.

Rogers alipopata kipindi chake cha kitaifa mwaka 1968, alichora mpaka mkali. Ndani ya nyumba yake, ambako alibadili viatu na kuzungumza na mtoto uso kwa uso, hapakuwa na vikaragosi wanaosema. Wao waliishi upande wa pili, kwenye nchi ya kuwazia, na kigari cha reli ndicho kilichompeleka mtoto huko na kumrudisha. Alitaka mtoto ajue wakati wote yuko upande gani.

Waliotengeneza Sesame Street, kipindi cha watoto cha Marekani chenye watu na vikaragosi wa mtaa mmoja, walikusudia kuchora mpaka uleule. Wanasaikolojia waliwashauri wasichanganye vikaragosi na watu kwenye mtaa mmoja, kwani watoto wangechanganyikiwa. Basi vipindi vya majaribio vya mwaka 1969 vilitengenezwa hivyo: mtaani watu peke yao, vikaragosi kwenye vipande vyao vya pembeni. Kisha watafiti, wakiongozwa na Edward Palmer, wakawakalisha watoto mbele ya televisheni, na kando yake wakaweka skrini nyingine ya picha za slaidi zinazobadilika kila baada ya sekunde saba na nusu. Mtu mmoja alikaa akiyaandika macho ya mtoto: sasa yako kwenye kipindi, sasa yamehamia kwenye slaidi, sasa yamerudi. Naupenda ukweli wa jaribio hilo. Hukumuuliza mtoto kama kipindi ni kizuri, kwa sababu angekujibu ndiyo ili akufurahishe. Uliyauliza macho yake.

Macho yalisema waziwazi. Vikaragosi wakiwepo, watoto walitulia. Mtaa wenye watu wazima peke yao ukirudi, macho yanahamia kwenye slaidi. Na mtaa ndio uliokuwa moyo wa kipindi. Wakauweka ushauri pembeni. Mtengeneza vikaragosi Jim Henson na wenzake wakatengeneza wakazi wa kuishi mtaani humo, wakiwemo Big Bird na Oscar wa kwenye pipa la taka, na kipindi kikaruka hewani tarehe 10 Novemba 1969.

Watu huuliza nani alikuwa sahihi, Rogers mwenye mpaka au Sesame Street waliouvunja. Kwangu wote walikuwa sahihi, kwa sababu kote kuwili binadamu alikuwepo na alikuwa mkweli. Mtoto hachanganyikiwi na ndege mkubwa wa manjano anayeongea. Kinachomchanganya ni mtu mzima anayejifanya anamsikiliza ndege huyo huku macho yake yako kwingine.

Na kumtazama Big Bird machoni haikuwa kazi nyepesi. Urefu wake ni karibu mita mbili na nusu. Caroll Spinney, aliyemcheza tangu mwaka wa kwanza hadi alipostaafu 2018, alisimama ndani akiwa ameunyoosha mkono wa kulia juu ya kichwa chake mwenyewe. Mkono huo ndio uliokuwa kichwa cha ndege, vidole vikifungua mdomo, na kidole kidogo kikivuta kifaa cha kope. Mkono wa kushoto ulikuwa ndani ya bawa la kushoto. Bawa la kulia halikuwa na mkono kabisa. Liliunganishwa na la kushoto kwa uzi wa kuvulia samaki uliopita shingoni, hivi kwamba moja likishuka jingine linapanda. Spinney hakuona nje. Alijifunga televisheni ndogo kifuani, na humo ndimo alimojiona kama kamera ilivyomwona.

Sasa chukua nafasi ya mwigizaji anayesimama mbele yake. Unajua sauti inatokea usawa wa kifua. Unajua rafiki yako yuko gizani mle ndani, jasho linamtoka, ameinamia skrini ndogo. Mwili wako wote unataka kuongea na pale sauti inapotoka. Wewe unainua kidevu, unayatafuta macho mawili ya kutengenezwa kule juu, na unayaambia, "Pole, rafiki yangu." Na unamaanisha. Huo ndio ufundi ninaousema, na sijawahi kuona ukitajwa tuzo zinapogawiwa.

Kuna kisa kimoja kwenye historia ya kipindi hicho kinachoonyesha uzito wa mtu wa pembeni kuliko maelezo yoyote. Mwaka 1971 Big Bird alipata rafiki, Snuffleupagus, mnyama mkubwa wa manyoya ya kahawia anayefanana na ndovu wa kale. Kichekesho kilikuwa kwamba watu wazima hawakufanikiwa kumwona. Kila walipofika alikuwa ameshaondoka, na kila Big Bird alipoapa kwamba yupo, walitabasamu wakadhani anamwota. Watoto waliokuwa wakitazama walijua yupo. Walikuwa wamemwona kwa macho yao. Mchezo huo ukaendelea miaka 14.

Wakati huo habari za watoto wanaodhulumiwa kingono zikawa zinasikika zaidi, na watengenezaji wakaanza kujiuliza swali zito. Tunamfundisha nini mtoto tunapomwonyesha, wiki baada ya wiki, kwamba ukisema ukweli wa ajabu watu wazima unaowapenda hawatakuamini? Novemba 1985 wakaumaliza mchezo. Watu wa mtaani wakamwona Snuffleupagus, wakamgusa mkonga, wakamwomba Big Bird radhi.

Nikifikiria hapo husimama kidogo. Kikaragosi hakuwa na kosa. Mchezo wake ulikuwa mzuri na watoto waliupenda. Kasoro ilikuwa kwenye uso wa binadamu aliyesimama karibu, kwenye lile tabasamu la "sawa, tumekusikia". Mtoto alikuwa anausoma uso huo kwa makini kuliko alivyokuwa akizisoma herufi.

Mwalimu mmoja aliwahi kuniambia kwamba watu hudhani kikaragosi kwenye kipindi cha elimu ndiye mwalimu wa pili. Hapana, alisema, ndiye mwanafunzi wa kwanza. Tangu nimsikie nimekuwa nikiangalia vipindi hivi kwa jicho jingine. Kikaragosi ndiye asiyejua. Anahesabu moja, mbili, tano. Anavaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Analia kwa sababu mwenzake hakumpa zamu. Na mtoto wa miaka minne, ambaye kutwa nzima huambiwa hiki hujui, hiki huwezi, hiki usiguse, ghafla anakutana na mtu anayejua kidogo kuliko yeye. Anasimama. Anapiga kelele, "Tatu! Bado tatu!" Hajaulizwa na mtu mzima anayelijua jibu tayari, swali ambalo watoto hulinusa kwamba ni mtihani. Ameombwa msaada na mwenye shida kweli.

Ila hapo napo mtangazaji mwenza anaweza kuharibu kila kitu kwa haraka yake. Akirukia jibu, mtoto nyumbani ameporwa. Akimcheka kikaragosi kwa kukosea, mtoto amejifunza kwamba kukosea huchekwa. Yule dada wa kipindi chetu ana kitu anachokifanya ambacho mwanzoni nilidhani amesahau maneno yake: kikaragosi akikosea, anakaa kimya. Anamtazama. Sekunde moja, mbili, tatu, nne. Kwenye televisheni, ambako kila mtu anaogopa ukimya, hizo ni sekunde ndefu mno. Kwenye zulia letu zilikuwa zinatosha kabisa binti yangu kupata jibu lake mwenyewe.

Yapo maswali ambayo kikaragosi pekee anaweza kuyauliza. Will Lee, aliyeigiza mwenye duka kwenye Sesame Street, Mr. Hooper, alifariki Desemba 1982. Watengenezaji wangeweza kusema amehama. Wakaamua kusema amekufa. Kwenye kipindi cha Novemba 1983 Big Bird anakuja na michoro aliyowachorea rafiki zake wote, anagawa, kila mtu anasifia wa kwake, na mkononi unabaki mmoja. Anaulizia Mr. Hooper yuko wapi. Wanamkumbusha kwamba alishaambiwa, amekufa. Basi nitampa akirudi, anasema. Susan, mmoja wa watu wazima wa mtaani, anamweleza kwamba watu wakifa hawarudi.

Hakuna mtu mzima ambaye angeweza kutamka "nitampa akirudi" bila kuonekana anaigiza. Ndege yule aliweza. Na ndege huyo alipouliza kwa nini iwe hivi, kwa nini mambo yasibaki yalivyokuwa, Gordon, mkazi mwingine wa mtaa huo, hakuleta maelezo. Alimjibu kwamba ni kwa sababu tu. Ni jibu la mtu aliyefiwa, asiye na sababu ya kutoa, na alilisema akiyaangalia yale macho ya juu. Nimekitazama kipande hicho mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara ninachokiangalia ni nyuso za binadamu wale. Walikuwa wamefiwa na mwenzao wa kazi. Mbele yao alikuwa ndege wa manyoya, na kwake hawakuhitaji kuficha.

Kwa njia hiyohiyo mwaka 2002, kwenye Takalani Sesame ya Afrika Kusini, aliingia Kami, kikaragosi wa kike wa miaka mitano, yatima mwenye virusi vya UKIMWI. Kuwepo kwake kulikuwa na maana, lakini somo lilikuwa kwenye mikono ya wenzake: wanamshika, wanacheza naye, wanakaa naye. Na 2017 Sesame Street ikamleta Julia, msichana mwenye usonji. Big Bird anamsalimia, Julia hamwangalii, na Big Bird anadhani hapendwi. Binadamu wa pembeni, Alan, anamweleza taratibu kwamba Julia ana namna yake. Ni maelezo ambayo mtoto nyumbani naye alikuwa anayasubiri, maana naye alikuwa ameshajiuliza.

Mimi niliyajua haya yote kwa nadharia, hadi siku niliyoitwa kusoma hadithi kwenye darasa la awali la binti yangu. Nilichukua soksi ya kijivu, nikashona vifungo viwili vya koti viwe macho, nikaweka kitambaa chekundu ndani ya kinywa. Nyumbani nilikuwa nimefanya mazoezi ya mdomo. Ukifungua kwa kuinua vidole vinne vya juu, kichwa kizima kinarudi nyuma kwa kila neno na macho yanaangalia dari. Inabidi vidole vya juu vitulie na dole gumba lishuke, kama taya linavyoshuka. Nilidhani nikishaweza hilo nimemaliza.

Nikasimama mbele ya watoto, nikaivaa soksi, nikaibadilisha sauti: naitwa nani, naogopa giza, nisaidieni. Watoto wote wakawa wananitazama mimi. Wanautazama mdomo wangu. Mmoja akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ya kutoa taarifa, "Hiyo ni soksi." Nikaongeza sauti. Nikaipungia mkono mwingine. Hakuna. Ilikuwa soksi, ilinikaa mkononi kama soksi.

Mwalimu wao alikuwa amekaa nyuma. Akaja, akavuta kile kiti kidogo cha watoto, akakaa magoti yakiwa yamempanda hadi kifuani, uso wake usawa wa soksi. Mimi hakuniangalia hata mara moja. Akaviangalia vile vifungo viwili na kusema, polepole, kama mtu anayeendeleza mazungumzo yaliyokatika, "Samahani, sikukusikia vizuri. Umesema unaogopa nini?"

Akangoja.

Nikahisi mkono wangu unabadilika. Ukainama kidogo, ukageukia pembeni, kwa aibu. "Giza," nikasema, na safari hii sikuwa naliangalia darasa. Nilikuwa naiangalia soksi, kwa sababu mwalimu alikuwa anaiangalia, na ingekuwa utovu wa adabu kuangalia kwingine.

"Giza la wapi? La chumbani au la nje?"

"La chini ya kitanda."

Nyuma yangu nikasikia mtoto anasogea kwenye mkeka. Kisha sauti, ya yuleyule aliyesema ni soksi: "Mwambie awashe taa."

Awashe. Nilirudi nyumbani na neno hilo kama mtu aliyepewa zawadi.

Soksi bado ipo. Inakaa kwenye droo ya meza yangu, na sasa binti yangu ana miaka saba na anajua kila kitu: anajua vifungo vilitoka koti gani, anajua mkono ni wa nani. Wiki iliyopita alifungua droo kutafuta penseli, akanikuta naandika. Aliitoa soksi, akaigeuzageuza. Kifungo kimoja kilikuwa kinaning'inia kwa uzi.

"Baba, hiki kimekatika," akasema, akinionyesha kifungo.

Nikaleta sindano. Ili nipate kushona ilibidi mmoja wetu aivae, kitambaa kikazike vizuri, kwa hiyo akauingiza mkono wake mdogo ndani. Nikasogea karibu, nikaanza kupitisha uzi, na kwa mazoea tu nikaliangalia lile jicho zima nikauliza, "Inauma?"

Soksi ikafikiri kidogo. Kisha ikatikisa kichwa, na binti yangu, aliyekuwa anaitazama naye, akanong'ona, "Anasema haumii sana. Ila uende polepole."